Geoffrey Spicer-Simson: Nahodha aliyepandisha boti za vita milimani hadi Ziwa Tanganyika

Ukikaa kando ya barabara inayotoka Songea kwenda Mbinga na Mbamba Bay, utahesabu malori mengi ya makaa ya mawe kabla hujaona gari moja linalovuta boti. Likipita, kila mtu hugeuka kutazama. Boti ikiwa juu ya tela huonekana kubwa kuliko ikiwa majini. Dereva anayeivuta huwa na wasiwasi mmoja mkubwa: je, itapita darajani? Itapishana na lori kwenye kona?

Wasiwasi huo ni wa zamani. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, ofisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza alipewa kazi ya kupeleka boti mbili za vita katika Ziwa Tanganyika. Hakuna mto uliomwezesha kuzifikisha huko moja kwa moja kutoka baharini. Ilibidi zipite kwenye reli, porini, milimani na mtoni. Jina lake ni Geoffrey Spicer-Simson.

Katika makala haya tunaeleza maisha yake, na jinsi upana wa boti ulivyoamua nani angetawala ziwa.

Kwanza, kwa nini upana?

Boti ikiwa majini, upana huisaidia. Boti pana haiyumbi ovyo. Katika boti ndogo za mashindano ya tanga, upana huwapa wanamashindano nafasi ya kukaa pembeni kabisa na kuizuia isipinduke upepo ukiwa mkali. Ndiyo maana kanuni za mashindano huweka kikomo cha upana kwa kila aina ya boti, ili mtu asishinde kwa sababu tu ametengeneza chombo kipana kuliko wenzake. Boti inayojulikana sana duniani kwa jina la Laser ina upana wa karibu mita 1.4 tu. Tela dogo nyuma ya gari la kawaida linatosha kuibeba.

Nchi kavu mambo hugeuka. Huko upana ni mzigo. Katika nchi nyingi za Ulaya, gari au tela halitakiwi kuzidi upana wa mita 2.55. Kwetu, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari nayo inaweka vikomo. Mzigo unaozidi vikomo hivyo huhitaji kibali maalumu kabla ya kuingia barabarani.

Mwaka 1915 sheria hizo hazikuwepo, lakini vikomo vilikuwepo. Viliwekwa na behewa la reli, na daraja la magogo, na mti mkubwa uliosimama kando ya njia.

Mtoto wa Tasmania

Spicer-Simson alizaliwa tarehe 15 Januari 1876 katika mji wa Hobart, kisiwa cha Tasmania, ambacho leo ni sehemu ya Australia. Familia yake ilihamia Ufaransa alipokuwa bado mdogo, kwa hiyo alikua akizungumza Kifaransa vizuri. Baadaye alipelekwa kusoma Uingereza. Ndugu yake Theodore aliingia katika sanaa na akawa mchongaji mashuhuri wa nishani.

Geoffrey mwenyewe alijiunga na jeshi la majini akiwa kijana wa miaka 14. Kazi aliyoijua vizuri ilikuwa kupima maji: kutafuta kina cha mto, kuchora ramani za mikondo, kuonyesha mahali penye miamba na mchanga. Alifanya kazi hiyo China, katika mto Yangtze, kisha Afrika Magharibi katika mto Gambia.

Uongozi wa meli haukumwendea vizuri. Mwaka 1905, katika mazoezi, alitoa wazo la kukokota kamba kati ya meli mbili ili kunasa nyambizi. Wazo hilo nusura liizamishe nyambizi ya jeshi lake mwenyewe. Safari nyingine meli aliyoiongoza iligonga boti ndogo, na mtu akapoteza maisha.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, alipewa kusimamia kundi la meli ndogo kwenye pwani ya Uingereza. Tarehe 11 Novemba mwaka huo, mojawapo ya meli hizo, Niger, ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani mchana. Yeye wakati huo alikuwa hotelini nchi kavu pamoja na mke wake. Baada ya hapo aliwekwa ofisini. Alikuwa na miaka 38, na wenzake wengi walishapanda vyeo kumpita.

Waliomfahamu walimwona kama mtu wa kujigamba. Alisimulia mambo aliyoyafanya, na hata ambayo hakuyafanya. Mwili wake ulijaa michoro ya chale, na alipofika Afrika alizoea kuvaa sketi badala ya suruali.

Maziwa yetu wakati wa vita

Ili kuielewa kazi aliyopewa, turudi kwanza mkoani Ruvuma.

Kabla ya vita, Wajerumani walikuwa na meli katika Ziwa Nyasa iliyoitwa Hermann von Wissmann. Ilikuja kutoka Ulaya ikiwa vipande, ikapitia mito ya Zambezi na Shire. Tarehe 13 Agosti 1914 meli hiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikiongozwa na nahodha Rhoades, ilitokea ghafla na kuipiga mzinga. Nahodha Mjerumani, ambaye alikuwa rafiki wa Rhoades, alikuwa bado hajapata habari kwamba vita imeanza. Kwa risasi chache, Waingereza wakawa wenye ziwa.

Katika Ziwa Tanganyika hali ilikuwa kinyume. Huko Wajerumani walikuwa na Hedwig von Wissmann na Kingani. Mwezi Agosti 1914 waliiharibu meli ya Wabelgiji, wakabaki bila mpinzani. Waliweza kuvusha askari na kushambulia upande wa Kongo walipotaka.

Tena walikuwa wakiunda meli kubwa zaidi, Goetzen. Meli hiyo ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakaja Dar es Salaam kwa meli, kisha Kigoma kwa reli ya kati, na huko ikaungwa upya. Ilishushwa majini mwaka 1915. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 70. Hiyo ndiyo meli tunayoijua leo kwa jina la Liemba.

Hivyo Wajerumani walikuwa na jibu moja la tatizo la njia: chombo kikiwa kipana mno, kikate vipande. Jibu hilo linahitaji reli, mafundi, karakana na muda. Waingereza hawakuwa na reli inayofika upande wao wa ziwa, wala hawakuwa na muda.

Wazo la mwindaji

Mwezi Aprili 1915 mwindaji wa tembo aliyeitwa John Lee alifika kwenye makao makuu ya jeshi la majini mjini London. Alikuwa ameyaona maeneo ya ziwa na meli za Wajerumani. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza: tafuteni boti ndogo zenye mwendo mkali, ambazo zinaweza kusafirishwa zikiwa nzima.

Wakubwa walikubali. Ofisa wa kuongoza hakuwa rahisi kupatikana, kwa sababu wazuri walikuwa vitani. Spicer-Simson alikuwepo ofisini, alijua Kifaransa cha kuzungumza na Wabelgiji, na alikuwa amefanya kazi Afrika. Akapewa.

Boti zilizochaguliwa zilitoka kiwanda cha Thornycroft. Zilikuwa za mbao, na kila moja ilikuwa na urefu wa futi 40, yaani mita 12, na upana wa futi 8, yaani mita 2.44. Injini zake mbili za petroli ziliipa mwendo wa karibu kilomita 35 kwa saa. Meli za Wajerumani ziwani hazikukaribia mwendo huo.

Angalia tena upana huo. Mita 2.44 ingepita hata kwenye sheria za barabarani za Ulaya za leo. Ilitosha juu ya behewa la reli nyembamba ya kusini mwa Afrika, na ilitosha juu ya tela katika njia iliyofyekwa porini. Goetzen ilikuwa pana mara nne hivi. Isingeweza kupita hapo ikiwa nzima hata kama ungefyeka msitu wote.

Wembamba huo ulikuwa na gharama. Kila boti ilifungwa mzinga mmoja mbele na bunduki ya rashasha nyuma. Mzinga ulikuwa mzito kwa chombo chembamba cha mbao. Ukipigwa kwa kuelekea pembeni, boti ingeweza kupinduka au kuvunjika. Hivyo ilibidi boti ielekezwe moja kwa moja kwa adui kila mara inapopiga.

Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wakakataa. Akaleta majina ya Kifaransa ya kitoto yenye maana ileile, Mimi na Toutou, na hayo yakapita. Msikilizaji asidhani Mimi hapa ni neno letu. Ni jina la kumwita paka.

Siku 40 milimani

Kikosi cha watu 28 kiliondoka Uingereza tarehe 15 Juni 1915. Mapema Julai kikafika Cape Town. Boti zikapandishwa kwenye mabehewa, zikasafiri kaskazini kupitia Afrika Kusini na Rhodesia hadi Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Mwanzoni mwa Agosti zikafika Fungurume. Reli ikaishia hapo.

Mbele yao kulikuwa na kilomita zipatazo 230 za pori na milima ya Mitumba, yenye urefu wa zaidi ya mita 1,800. Barabara haikuwepo. Lee alikuwa ametangulia kuchagua njia, lakini baadaye Spicer-Simson alimwondoa katika kikosi. Mwenye wazo hakuliona likitimia.

Mamia ya Wakongo waliandikwa kazi. Walikata miti, walipasua mawe, walijaza mabonde kwa magogo. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa. Kila daraja lilipaswa kuwa pana kuliko magurudumu ya tela na imara kubeba matrekta makubwa ya mvuke yaliyoletwa kukokota boti. Baadhi ya madaraja yalibonyea chini ya matrekta hayo, na kazi ikaanza upya.

Penye mwinuko mkali matrekta yalishindwa. Hapo ng'ombe maksai walifungwa kamba, dazeni kwa dazeni, na watu wakavuta pamoja nao. Wakati wa kushuka tatizo lilikuwa kinyume: kuzuia tela lisikimbie na kuporomokea bondeni. Kamba zilizungushwa kwenye miti mikubwa na kulegezwa kidogo kidogo.

Ilikuwa kiangazi. Moto wa nyika ulikuwa hatari, kwa sababu boti zilikuwa za mbao na petroli ilikuwa jirani. Maji nayo yalikuwa haba, na trekta la mvuke halitembei bila maji. Wanawake wa vijiji vya karibu walibeba maji kichwani kwa vyungu, wakayaleta kutoka mbali ili mitambo iendelee.

Majina ya wanawake hao hayakuandikwa. Ya wakata miti na wavuta kamba pia. Nishani zilizotolewa baadaye zilikwenda kwa wachache waliokuwa juu. Lakini bila mabega na vichwa vya watu wa Katanga, boti hizo zingebaki Fungurume.

Safari ya milimani ilianza tarehe 18 Agosti na kuisha tarehe 28 Septemba. Kutoka hapo walipanda reli fupi hadi Bukama, wakaingia mto Lualaba. Maji yalikuwa yamepungua mno, na boti zilikwama mara kwa mara kwenye mchanga. Huenda hapo ndipo ujuzi wa zamani wa Spicer-Simson wa kusoma mito ulipomsaidia. Kutoka Kabalo walichukua tena reli, na kabla Oktoba haijaisha walikuwa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mahali paitwapo leo Kalemie.

Jumapili ya mapigano

Boti zilifichwa hadi bandari ndogo ilipojengwa. Zilishushwa majini tarehe 22 na 23 Desemba 1915.

Siku tatu baadaye, Jumapili asubuhi baada ya Krismasi, Spicer-Simson alikuwa akiongoza ibada alipopata habari kwamba Kingani inapita. Alimaliza ibada kwanza. Kisha Mimi na Toutou zikatoka na kuifuata kwa nyuma. Mzinga wa Kingani uliweza kupiga mbele tu. Kabla haijageuka, ilikuwa imepigwa. Nahodha wake aliuawa na meli ikatekwa. Mapigano yenyewe yalichukua dakika 11.

Kingani ilitengenezwa, ikapewa jina la Fifi na kuongezwa katika kikosi. Tarehe 9 Februari 1916, Fifi na Mimi zilikutana na Hedwig von Wissmann, zikaifukuza kwa saa kadhaa na kuizamisha.

Kwa muda mfupi mtu aliyekuwa akidharauliwa ofisini alikuwa shujaa.

Mlima ambao hakuupanda

Siku iliyofuata Goetzen ilitokea, ikapita polepole ikitafuta mwenzake aliyepotea. Maofisa wake walitaka kutoka kwenda kupigana. Spicer-Simson alikataa. Goetzen ikaenda zake.

Hapa watu wamegawanyika hadi leo. Wapo wanaosema aliogopa. Wapo wanaosema alikuwa na haki: boti ya mbao yenye upana wa mita mbili na nusu, inayoweza kupiga mbele tu, ilikuwa na nafasi ndogo mbele ya meli ya chuma yenye mzinga mkubwa wa milimita 105. Udogo uliomwezesha kufika ziwani sasa ulikuwa umemfunga mikono.

Lakini halikuwa tukio moja. Mwezi Juni 1916 kikosi cha Waingereza kilipouzingira mji wa Bismarckburg, ambao ni Kasanga ya leo mkoani Rukwa, yeye alipaswa kuziba njia ya majini. Aliiona ngome na mizinga yake, akarudi nyuma. Usiku Wajerumani wakatoroka kwa vyombo vidogo. Baadaye ikajulikana kwamba mizinga aliyoiogopa ilikuwa ya bandia, imetengenezwa kwa mbao.

Goetzen nayo haikuzamishwa naye. Wajerumani walikuwa wameshaing'oa mizinga yake ili itumike nchi kavu. Walipoona Kigoma inatekwa, mwezi Julai 1916 waliizamisha wenyewe. Ilikuja kuinuliwa na Waingereza mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba, ikibeba abiria na mizigo kati ya bandari za ziwa hilo.

Spicer-Simson alirudishwa Uingereza akiwa mgonjwa. Alipewa nishani na Waingereza na Wabelgiji, lakini hakupewa tena kikosi cha kuongoza vitani.

Alikorudia kupima maji

Baada ya vita alifanya kazi ya ukalimani katika mkutano wa amani wa Versailles mwaka 1919. Kisha akarudi kwenye kazi aliyoiweza tangu ujana. Mwaka 1921 akawa katibu mkuu wa kwanza wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari, yenye makao yake Monaco. Alikaa hapo hadi mwaka 1937. Ofisi hiyo ilisaidia mataifa kukubaliana juu ya namna ya kuchora ramani za bahari, ili baharia wa nchi moja asome ramani ya nchi nyingine bila kupotea.

Alistaafu na kuhamia British Columbia, Kanada, kwao na mke wake. Alifariki huko tarehe 29 Januari 1947 akiwa na miaka 71. Kisa chake kilichangia riwaya ya African Queen ya mwaka 1935, iliyotengenezewa filamu mwaka 1951.

Tunachojifunza

Vita ile haikuwa yetu, ingawa ilipiganwa kwenye maziwa yetu na watu wetu ndio waliobeba mizigo yake. Lakini lipo jambo moja ambalo fundi boti wa Mbamba Bay, Liuli au Songea anaweza kulichukua.

Mafundi wengi huanza na swali la boti itafanya nini majini: itabeba samaki wangapi, abiria wangapi. Waliopanga safari ya Mimi na Toutou walilazimika kuanza na njia. Walijua behewa lina upana gani na tela linabeba nini, kisha wakachagua boti inayotosha hapo. Ilikuwa ndogo kuliko walivyotaka, na mbele ya Goetzen upungufu wake ulionekana. Lakini ilifika.

Kwa hiyo kabla ya kukata mbao au kununua boti ya faiba mbali na ziwa, chukua futi kamba. Pima tela. Pima daraja jembamba kuliko yote njiani na lango la mahali utakapoishushia. Ulizia kikomo cha upana barabarani na kama utahitaji kibali. Kama boti haitoshi, uamuzi ni kuipunguza, kuijenga vipande, au kuijengea hukohuko ufukweni.